Mzazi Asiye wa Damu

Katika nchi ya asili maarusi hawakukaa peke yao hata siku moja. Mwanamke alipoingia katika mji wa mumewe alimkuta mama mkwe jikoni, wifi kisimani na wazee chini ya mti, na kila mmoja wao alikuwa na haki ya kumfunza, kumkanya na kumtetea. Kijana naye aliyemkosea mkewe adabu aliitwa na baba zake wadogo akaulizwa maneno, wala hakuweza kujibu kwamba jambo hilo ni la chumbani mwake. Nyumba ile ilikuwa changa, lakini ilisimama katikati ya nyumba kuukuu, nazo ziliikinga na upepo.

Mambo hayakuwa hivyo katika mji wa Nakuru. Reli iliyotoka Mombasa ilifika hapo mwaka 1900, ikaendelea mpaka ziwani Kisumu mwaka 1901. Na baadaye njia ya kwenda Uganda ikapasuliwa kutoka hapo hapo, hata Nakuru ikawa njia panda ya magari ya moshi. Mashamba makubwa ya walowezi yakauzunguka mji pande zote, Njoro, Rongai, Subukia na Solai. Mwaka 1952 mji ulipewa manispaa, na tarehe 1 Desemba 2021 ukafanywa jiji, la nne katika Kenya. Kwa muda wote huo watu waliojenga mji huu walitoka mbali. Walikuja Wakikuyu, Wakalenjin, Waluo, Waluhya, Wakamba, Wakisii na watu wa pwani, kila mmoja akitafuta mshahara. Kijana akipata kazi aliandika barua kwao, akaoa, akamleta mkewe katika chumba kimoja cha kupanga. Na usiku ule wa kwanza mlango ulipofungwa, hapakuwa na mama mkwe wala baba mdogo upande wa pili wa ukuta.

Hapo ndipo alipoonekana mtu ambaye vitabu vya historia ya mji havimtaji: mzee wa jirani, mwanamume au mwanamke, asiye wa ukoo wala mara nyingi wa kabila moja na maarusi, ambaye taratibu, bila kuteuliwa na mtu, alishika mahali pa wazazi wao.

Kumpa asiye wa damu kazi ya mzazi si jambo geni kwa watu wa nchi hii. Kijana wa Kikuyu alipotahiriwa alikuwa na mutiiri wake, mtu wa kumshika na kumwongoza, na heshima ya huyo ilidumu hata baada ya jeraha kupona. Vijana wa Kikalenjin walifunzwa na motiriot wakati wa kukaa mafichoni, wala maneno yake hayakusahauliwa. Pwani, mwari alikuwa na somo au kungwi aliyemfunza mambo ya unyumba. Makanisani maarusi husimama pamoja na wasimamizi wao, na hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yataka ndoa iwe na mashahidi. Lakini shahidi hutia sahihi siku moja akaenda zake. Rafiki mkubwa wa nyumba changa hakutia sahihi popote, ila kazi yake ilianza siku ya pili ya arusi, wageni walipokwisha kuondoka.

Ili jambo hili lionekane vizuri, msomaji na atwae mfano wa nyumba moja katika mtaa wa Bondeni, ambao tangu zamani umekuwa na Waislamu wengi. Majina hayahitajiki, kwa kuwa wazee wengi wa Nakuru wataweza kutia majina wanayoyajua wenyewe.

Ni katika miaka ya 1950. Karani kijana wa Shirika la Reli na Bandari la Afrika ya Mashariki, Mkristo kutoka Butere, amempokea mkewe stesheni pamoja na sanduku moja la bati na kuku aliyefungwa miguu. Chumba chao kimetazamana na chumba cha mwanamke mzee wa pwani, mjane wa mfanyakazi wa reli, ambaye hupika maandazi alfajiri akayauza kwa watu waendao kazini. Mtaa mzima humwita Bibi. Asubuhi ya pili mama huyu anamwona mwari akihangaika na jiko la makaa lisilotaka kushika, maana kwao alizoea kuni na mafiga matatu. Hasemi neno. Anachukua makaa mawili yaliyokwisha kuwaka katika jiko lake, anayatia katika jiko la mwenziwe, kisha anarudi kwenye maandazi yake. Ukaribu wao ulianzia hapo.

Tangu siku ile alimfunza mambo mengi madogo ambayo mtu asiyeyajua hupata hasara mjini. Alimwonyesha namna ya kutikisa debe la makaa kabla ya kulipa, ili muuzaji asifiche nafasi chini ya vipande vikubwa. Alimwambia ni duka gani lililokopesha bila kuandika mara mbili. Alimhimiza kukinga maji ya mvua kwa ajili ya kunywa, hasa atakapopata mtoto. Bibi hakujua kwamba maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana madini ya floridi yatokayo katika mawe ya volkano, wala kwamba mtoto anayeyanywa kwa wingi tangu udogoni meno yake ya ukubwani hutoka na rangi ya kahawia. Yeye alikuwa ameyaona tu meno ya watoto wa mtaa kwa miaka ishirini, akajua lililo bora.

Kwa utani wa bibi na wajukuu alimwita karani "mume wangu," na mkewe akamwita "mke mwenzangu." Wale vijana waliotoka kwao na desturi ya kuwaogopa wakwe walishangaa mwanzoni, halafu wakacheka, na kicheko hicho kilikuwa faida kubwa katika chumba cha watu wawili walio bado wageni hata wao kwa wao.

Nao hawakuwa wapokeaji tu. Bibi alisoma Kurani na aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kama alivyofunzwa utotoni, lakini herufi za Kizungu hakuzijua. Basi karani alimsomea gazeti jioni, akamjazia fomu za ofisini, na alipotozwa kodi ya nyumba mara mbili kwa mwezi mmoja, ni karani aliyekwenda na stakabadhi mkononi, fedha zikarudishwa. Tena kila walipotaka kula kuku, maarusi walimpeleka kwanza kwa kijana Mwislamu wa nyumba ya pili ili amchinje, Bibi apate kula pamoja nao. Hakuwaomba kufanya hivyo. Waliona wenyewe kwamba chakula asichoweza kukila si karamu.

Mwaka wa pili ukaja ugomvi. Karani alipita kilabuni siku ya mshahara pamoja na wenzake, akarudi usiku na nusu ya fedha. Kesho yake, mume akiwa kazini, mke alifunga sanduku lake la bati akatoka nalo mlangoni. Bibi alimwona. Hakumshika mkono, wala hakumwambia maneno ya subira ambayo kila mwanamke ameambiwa mpaka yamechakaa. Alisema, "Gari halijafika. Kaa ule kwanza, mtu hasafiri na njaa." Kisha akamtuma mtoto ofisini kumwita mume.

Alipofika, Bibi aliweka sinia moja mbele yao wote wawili. Mke akasogea pembeni. "Sinia ni hili moja," alisema Bibi, "nyumba yangu haina la pili." Wakala kimya. Walipokwisha kunawa alimwuliza karani mshahara wake ni shilingi ngapi, naye akataja mbele ya mkewe, kwa mara ya kwanza tangu kuoana. Mama yule alileta mikebe mitatu ya majani ya chai iliyokwisha kuoshwa. Mmoja ukawa wa kodi, mmoja wa chakula na makaa, mmoja wa wazazi wao na akiba, na mke ndiye aliyepewa kuitunza. Kilichosalia kikawa cha mfuko wa karani, naye akakinywe kama apenda. Sanduku lilirudi ndani. Bibi hakumweleza mtu mtaani habari ya siku ile, na hiyo ndiyo sababu vijana waliendelea kumwamini. Maana mpatanishi anayetangaza upatanishi wake huwavunjia watu heshima mara ya pili.

Hata hivyo haifai kumfanya malaika. Mtoto wa kwanza alipougua tumbo, Bibi alishika dawa zake za majani akataka wangoje siku tatu. Mama mtoto aliona macho ya mtoto yamezama na midomo imekauka, akamfunga mgongoni akaenda hospitali usiku ule ule bila kuaga. Mtoto alipona. Bibi alinuna siku mbili, mlango wake umefungwa. Siku ya tatu alikuja na uji wa mtoto, akasema, "Umefanya vyema, mke mwenzangu. Mimi nilichelewa." Maneno hayo machache yalimpandisha cheo yule mama kijana kuliko mafunzo yote yaliyotangulia, kwa kuwa siku hiyo alijua kwamba nyumba ni yake.

Karani wa reli hakai mahali pamoja. Baada ya miaka sita ilikuja barua ya uhamisho wa kwenda Kampala. Bibi alikaanga maandazi ya njiani, akawasindikiza mpaka stesheni, na ahadi zikawa nyingi: kwamba wataandika kila mwezi, kwamba watakuja kila likizo. Mwaka wa kwanza waliandika. Majibu ya Bibi yalikuja kwa herufi za Kiarabu, na ilimpasa karani kumtafuta mwenye duka Mwislamu wa kumsomea. Kufika kwa mwenye duka kulikuwa na aibu kidogo na usumbufu kidogo, na katika vitu vidogo kama hivyo urafiki hupotea. Likizo zilikwenda Butere, kwa wazazi, kama ilivyo haki. Gari lilipita Nakuru usiku, watoto wamelala. Miaka minne ikapita hivyo.

Kisha ikaja simu ya maandishi kutoka kwa majirani. Walisafiri usiku ule ule, lakini desturi ya Waislamu ni kumzika maiti bila kukawia, nao walifika siku ya tatu, watu wakiwa matangani. Jamaa wa marehemu walikuwa wamekwisha kuja kutoka pwani. Mmoja wao aliwauliza kwa adabu, "Ninyi mwamhusu vipi marehemu?" Karani akajibu, "Tulikuwa majirani zake."

Lilikuwa neno la kweli, na mkewe alilisikia kuwa dogo mno. Lakini yeye naye hakuwa na lingine. Hakuwa binti, wala mkwe, wala mtu wa dini ile. Aliyesema alikuwa mwanamke wa nyumba ya pili, mama wa yule kijana aliyechinja kuku: "Hawa ni wajukuu zake." Wageni wa pwani wakasogea, wakawapa nafasi mkekani.

Mfano waishia hapo. Jambo lililomo ndani yake lingali hai, maana Nakuru ingali mji wa watu waliotoka mbali, na vyumba vya kupanga vimezidi kuwa vingi. Lugha ya Kiswahili yenyewe yasema kwamba undugu ni kufaana, si kufanana. Lakini watu waujuao msemo huo kwa kinywa huusahau wakati wa kuhesabu jamaa zao. Mjomba ambaye hajaonekana kwa miaka kumi atatajwa wa kwanza katika shughuli, na mama aliyewasha jiko la kwanza la nyumba hiyo atakaa nyuma pamoja na wapita njia, kwa sababu hana jina la kuitwa.

Wala sheria haiwezi kumsaidia sana. Katika Kenya kesi ya maziko ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986, ilionyesha nguvu ya ukoo. Mkewe, Wambui Otieno, aliyeolewa naye mwaka 1963, alitaka kumzika karibu na Nairobi. Ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Na baada ya miezi mingi mahakamani ukoo ulishinda, akazikwa huko Mei 1987. Ikiwa mke wa miaka zaidi ya ishirini alishindwa, rafiki atasema nini? Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, yawatazama mke au mume, watoto na jamaa wa damu. Asiye jamaa hana budi kuandikwa katika wasia, mbele ya mashahidi wawili. Kwa Waislamu nako, mtu aweza kumwusia asiyekuwa mrithi kisichozidi thuluthi ya mali yake. Bila maandishi, wema wa miaka mingi hauna ushahidi mbele ya hakimu.

Liko pia jambo zito kuliko mali. Mwishoni mwa Januari 2008, baada ya uchaguzi uliobishaniwa, watu wa Nakuru na Naivasha waliuana kwa sababu ya kabila. Katika Kenya nzima waliokufa walizidi 1,100, na uwanja wa maonyesho wa Nakuru ukajaa waliokimbia nyumba zao. Mapatano ya wakubwa yalitiwa sahihi Nairobi tarehe 28 Februari mwaka ule. Sahihi hiyo ilisimamisha vita, lakini haikuweza kumrudisha jirani aliyehama na kuapa kutorudi. Katika siku kama hizo ndipo hujulikana thamani ya mzee wa kabila jingine ambaye watoto wa nyumba humwita babu. Mtu hupata shida kumchukia kabila zima lililo na bibi yake ndani. Kila nyumba changa iliyolelewa na mzee wa lugha nyingine ni uzi mmoja uliofunga mji huu, na nyuzi za namna hiyo hazishonwi na serikali.

Basi yafaa vijana waliooana waangalie mambo matatu. Kwanza, wampe mzee huyo jina angali hai. Wamwite bibi au babu mbele ya watoto na mbele ya wazazi wa nyumbani, na wazazi wakija mjini wapelekwe kwake wakamwamkie, ili siku ya msiba asiwepo mtu wa kuuliza, "Ninyi ni nani?" Pili, wamkumbuke wakiwa mbali. Zamani kulikuwa na udhuru wa posta, na wa herufi zisizosomeka. Tangu mwaka 2007 fedha hutumwa kwa simu ya mkononi, na sauti ya mtu yafika Bondeni kutoka popote kabla chai haijapoa, udhuru umekwisha. Shilingi mia mbili za makaa zinazofika kila mwezi ni bora kuliko ng'ombe wa matanga. Tatu, wajue ni nani atakayemwuguza. Mzee mwenye watoto wa damu ana watu wa kuulizwa. Asiye nao hana wa kuulizwa ila wale aliowalea bila kuamriwa.

Wazee nao wana sehemu yao. Nyumba ya vijana si shamba la kupanuliwa. Mama wa mfano huu alipendwa kwa kuwa aliingia alipoitwa, hakusikiliza mmoja pasipo mwenziwe, hakuchukua maneno kutoka mlango huu kwenda mlango ule, na alipokosea alisema kwamba amekosea. Mzee anayetaka kutawala atapata wapangaji wa maneno yake, lakini hatapata wajukuu.

Na wale waliokwisha kuchelewa, ambao rafiki yao mkubwa amelala katika makaburi ya Nakuru au amerudishwa kuzikwa kwao, deni lao halifutiki ila laweza kulipwa kwa mtu mwingine. Mwezi huu mahali fulani katika Kaptembwa, London au Free Area, kijana amefungua mlango wa chumba cha kupanga akamwingiza mkewe, na asubuhi jiko halitashika. Mwenye makaa yanayowaka na apeleke mawili.